Mrejesho: makombora ya meli kuu ya waasi katika FTL, mchezo wa kompyuta wa vita vya meli za angani

Wandugu, aksanti sana. Niliuliza namna ya kuzuia yale makombora matatu ya meli kuu, maana yanapita ngao zote. Njia aliyonijibu ndugu wa Bukavu, ya kuivamia meli, imekubali hapa Lubumbashi, kiwango cha ugumu cha kawaida.

Tumia teleporta (mtambo wa kurusha watu wako ndani ya meli ya adui) mapema, ngao za kawaida za meli kuu hazikuzuii. Ingiza watu wawili chumba cha makombora: mpiganaji wa adui yuko peke yake, na chumba hakina njia ya kuletewa msaada. Akifa, vunjeni mtambo wa makombora. Warudishe watu kabla uhai wa meli kuu haujaisha, la sivyo inatoroka nao.

Ila msimalize wafanyakazi wote wa adui! Wakiisha, kompyuta inashika usukani na kujitengeneza. Mwacheni hai mpiga leza. Awamu ya tatu ya pambano, ngao ya Zoltan (ngao ya ziada ya meli kuu) inazuia teleporta, ivunjeni kwanza.