Kumweleza mwenye paka gharama za matibabu

Swali (Chake Chake): Assalamu alaykum. Mimi ni daktari wa mifugo. Wenye ng'ombe huuliza bei kabla ya sindano, lakini wenye paka hunyamaza, kisha hushtuka wakati wa kulipa. Nizungumze nao vipi?

Jibu (Wete): Waalaykumu salaam, daktari. Taja bei kabla hujamgusa mnyama, ukitenganisha uchunguzi na dawa, na ueleze lipi haliwezi kungoja: paka dume ambaye mkojo wake umeziba anaweza kufa ndani ya siku chache, ilhali kuhasi kunaweza kusubiri mshahara.

Jibu (Mji Mkongwe): Si kila mleta paka ni mwenyewe, wengi wetu huwaokota vichochoroni. Tuulize uwezo wetu faraghani.

Muulizaji: Na akishindwa kulipa zote?

Jibu (Wete): Mwandikiane awamu. Deni la mdomo, hasa baina ya majirani, huleta uhasama.