Tupeane uzoefu: vidonge na sindano za kutafuta mtoto (Kigoma na Tabora)

Mama Ujiji: Kuna dada kauliza kama anunue klomifeni (kidonge cha kukuza mayai) hapa Mwanga bila cheti cha daktari. Wajuzi njooni. Kawaida ni miligramu 50 kwa siku, siku 5, akianza siku yoyote kati ya siku ya 2 na ya 5 ya hedhi. Inaamsha ubongo utoe homoni ya kukuza yai. Mirija ikiwa imeziba haisaidii kitu, kwa hiyo apige kwanza picha ya mirija.

Maabara Tabora: Na mume apimwe mbegu kabla mke hajameza chochote! Ajizuie siku 2 hadi 7, sampuli ifike ndani ya saa 1, ibebwe karibu na mwili isipoe. Majibu yakiwa mabaya, arudie baada ya miezi 3, maana mbegu mpya huchukua zaidi ya miezi 2 kutengenezwa.

Dada Urambo: Kweli kabisa.

Baba Kasulu: Mume achome testosteroni, ile homoni ya kiume, mbegu zitapanda.

Maabara Tabora: Hapana ndugu yangu, usimpoteze mtu! Ubongo ukiona testosteroni imejaa kwenye damu, unaacha kuziamuru korodani. Mbegu zinaweza kuisha kabisa.

Baba Kasulu: Mbona nguvu zinaongezeka?

Maabara Tabora: Nguvu ni jambo jingine, mbegu ni jingine.

Muuguzi Nguruka: Tuje kwenye sindano za upandikizaji (mayai huvunwa, hurutubishwa maabara, kisha kiinitete huwekwa tumboni), huko ndiko kwenye hatari. Huchomwa kila siku, mara nyingi siku 8 hadi 12. Nyingi hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ukizitoa Dar, zisigusane na barafu, zikiganda zimeharibika. Sindano ya mwisho, ya kupevusha mayai, ina saa yake: mayai huvunwa saa 34 hadi 36 baadaye, ukichelewa yanatoka yenyewe na daktari hakuti kitu. Baada ya hapo mwanamke akivimba tumbo haraka, akitapika, mkojo ukapungua, pumzi ikabana, ovari zimezidiwa. Maji yanavuja kutoka mishipani kwenda tumboni, damu inakuwa nzito na inaweza kuganda. Asisubiri basi la kurudi Dar! Aende hospitali ya Maweni (Kigoma) au Kitete (Tabora) usiku huohuo, ataje sindano alizochomwa.

Mama Ujiji: Jamani, hili wengi hawaambiwi.

Dada Urambo: Wenye ovari za vifukofuko vingi waulizie letrozoli, kidonge kingine cha kukuza mayai, huwafaa kuliko klomifeni.

Baba Kasulu: Akishapandikizwa alale wiki mbili.

Muuguzi Nguruka: Hapana, atembee kama kawaida. Projesteroni, homoni ya kushikilia mimba, ndiyo asiikatishe. Na asipime mimba mapema, ile sindano ya kupevusha hubaki mwilini siku kadhaa na kipimo kitadanganya.