Bokoboko la jungu la umeme: ngano zimegoma na wakwe wanakuja mchana

MkamwanaWete (saa 2:40 asubuhi)
Asalaam aleykum wapendwa. Naomba ushauri wa haraka, mwenzenu roho iko juu. Leo nna ugeni, mavyaa (mama mkwe) na mawifi wanakuja kula mchana, wanatoka Mtambwe, hukuhuku Pemba. Nimepika bokoboko la ng'ombe kwenye lile jungu la umeme linalopika taratibu, shemeji yangu kaniletea kutoka Maskati. Ngano nusu kilo, nyama ya steki kilo moja, mdalasini, pilipili manga, chumvi. Nimelitia jana usiku kwa moto mdogo. Mpaka sasa ngano zimesimama moja moja, ukizitafuna zinakukatalia, na nyama ina rangi ya kijivu tu. Nifanye nini livutike kabla ya saa 7? Wale watu hawanipendi sana, kwa hiyo maneno ya kuchekana tuyaweke kesho.

BiTatu
Waleykumsalam mwanangu. Ngano uliziroweka? Ngano za bokoboko zinalala majini usiku mzima, asubuhi unazichuja ndio unazitia na nyama. Sisi zamani harusi ikiwa kesho, jungu linapanda kuni tangu alasiri, na kulipiga ni kazi ya wanaume wawili wenye miko mirefu kama makasia. Marehemu mjomba wangu alikuwa bingwa. Alipiga mpaka nyama inapotea, huoni nyuzi, unaona uzito tu. Halafu samli ya moto juu na vitunguu vya kukaanga. Sasa nyinyi mnabonyeza kitufe mnakwenda kulala.

KijanaDarajani
Bi Tatu, na sukari juu au bila sukari? Jibu hili kwanza, mengine baadaye.

BiTatu
Sukari kidogo pembeni, anaetaka achovye. Asietaka amwachie mwenzake.

MkamwanaWete
Nimeziroweka, bibi, tangu jana adhuhuri. Tafadhalini, sukari si tatizo langu.

BwanaNyaya_Chake
Mie fundi umeme, naomba kuuliza. Hilo jungu kweli la Maskati au la Marekani? La Marekani ni la volti 120, ukilichomeka huku kwetu kwenye 230 linakufa palepale, na moshi juu. La Oman ni 240, halina shida. Geuza chini usome kibandiko.

MkamwanaWete
Kimeandikwa 220-240, wati 250. Linawaka vizuri, taa nyekundu naiona.

MpishiPaje
Dada, mie napika hotelini miaka mingi na majungu haya nayajua. Kwa moto mdogo linamaliza kazi kwa saa 8 mpaka 10, kwa moto mkubwa saa 4 mpaka 6. Halichemki fufufu, linapanda polepole mpaka karibu na kuchemka na linabaki hapo. Ndio maana kila ukifunua kifuniko unalirudisha nyuma karibu nusu saa. Sasa kama ulitia jana usiku, saa hizi steki ilitakiwa iachane yenyewe ukiigusa na mwiko, na ngano ziwe zimepasuka. Kuna kitu hujatwambia. Ulitia saa ngapi, na lilizimika wakati wowote?

MkamwanaWete
Nilitia saa 4 usiku. Mimi nataka kujua kama nikizisaga kwa blenda zitavutika, basi.

MpishiPaje
Ngano ambayo haijaiva ukiisaga unapata chengachenga, haivutiki. Jibu swali la pili.

Ustadh_Mkoani
Dada yangu, kwanza jiulize nia. Kama unataka mavyaa aamini umesimama jikoni usiku kucha wakati umelala, huo ni udanganyifu. Mwambie ukweli, atakuombea dua.

KijanaDarajani
Ustadh, mavyaa wa Mtambwe ukimwambia umepika kwa kitufe hakuombei dua, anakuombea talaka.

MzeeKumbukumbu
Mnalidharau jungu hilo lakini asili yake ni hiihii ya bokoboko. Aliyelisajili ni Irving Naxon wa Chicago, akapata hataza mwaka 1940. Mama yake alimhadithia habari za bibi yake wa huko Lithuania. Wao ni Mayahudi, hawawashi moto siku ya Sabato. Ijumaa kabla ya jua kuzama chungu cha nyama, maharage na shayiri kinapelekwa kwa mwoka mikate, kinalala ndani ya tanuri linalopoa, kesho yake kinaliwa cha moto. Nyama na nafaka na usiku mzima. Na harisi, ndugu yake bokoboko, UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2023, waliopeleka ni Emirati, Oman na Saudia. Zanzibar tumelala, tunabishana sukari.

BiTatu
Umesema kweli mzee. Na lile tanuri linalopoa moto wake haukatiki ghafla.

MkamwanaWete
Haya. Umeme ulikatika kidogo usiku, ukarudi. Kidogo tu. Sikuona haja ya kulitaja.

MpishiPaje
Kidogo ni muda gani? Hili ndilo swali lenyewe.

Mtemani_Usiku
Samahanini, mie nakaa Wete, Mtemani. Jana nilikuwa macho mpaka saa 8 usiku natazama mpira. Umeme haukukatika hata dakika moja. Dada, wewe Wete ipi?

KijanaDarajani
Ohoo! Nilijua. Steki, mavyaa mkali, shemeji wa Maskati, ugeni saa 7. Kila kitu kimepangwa kama tamthilia ya Ramadhani. Tumeshaletewa humu uzi wa wifi na pweza, tukashauri mpaka usiku, kumbe mtunzi kakaa Dar anatucheka.

Ustadh_Mkoani
Kama ni hadithi ya kutunga, dhambi ya kuwapotezea watu muda iko juu yake.

BiTatu
Mwacheni mtoto wa watu. Mtunzi gani anajua kuroweka ngano tangu adhuhuri?

Mtemani_Usiku
Bibi, hilo lipo hata kwenye video. Aweke picha ya jungu.

MkamwanaWete
Picha siweki, wifi yangu yumo humu. Na mimi si mtunzi. Umeme wa mtaa haukukatika, ulikatika wa kwangu. Tukuza, umeme wa kulipia kabla, ilikwisha. Nilimwambia mume wangu tangu juzi anunue uniti, akasema zitafika, zitafika. Nimeamka kwa adhana ya alfajiri naona friji kimya na jungu kimya. Kanunua saa 1 kwa simu, jungu likawaka tena. Mmefurahi?

BwanaNyaya_Chake
Sasa hapa nakuelewa. Jungu lenyewe lisilaumiwe. Wati 250 kwa saa 8 ni uniti 2 tu. Mlikuwa mmeshafika ukingoni.

MpishiPaje
Limezimika saa ngapi?

MkamwanaWete
Sijui, nilikuwa nimelala. Lakini nilipoligusa alfajiri halikuwa baridi, lilikuwa na vuguvugu. Na tangu saa 1 limepata moto tena. Halinuki. Halijachacha. Nimeshaonja.

NesiWaZamani
Mwanangu, hiyo vuguvugu ndiyo mbaya kuliko baridi. Chakula kikikaa kati ya nyuzi 5 na 60 za selisiasi kwa zaidi ya saa 2, vijidudu vinazaana. Nyama mbichi pamoja na nafaka na maji, kifuniko juu, usiku wa joto letu hili. Na usisubiri harufu ikwambie, vingi vyao havinuki. Acha kuonja.

MkamwanaWete
Lakini nikilihamishia kwenye gesi likachemka fufufu nusu saa, si vinakufa? Mama yangu kiporo cha maharage alikuwa anakichemsha tena na hatukuumwa.

NesiWaZamani
Vinakufa, ila baadhi vimeshaacha sumu. Kuna kimoja kinapenda nafaka hasa, mchele na ngano, kinaitwa Bacillus cereus. Mbegu zake zinastahimili kupikwa, na sumu yake ya kutapisha haiondoki kwa kuchemsha. Mtu anakula saa 7, saa 9 anatapika. Sasa weka hapo mavyaa, mawifi, na safari ya kurudi Mtambwe ndani ya daladala.

KijanaDarajani
Nafuta maneno yangu ya mtunzi. Hii ni tanzia.

MkamwanaWete
Nyie mnasema tu. Kilo ya steki siku hizi mnajua bei yake? Na samli nimeletewa kutoka Konde, samli ya ng'ombe hasa. Na labda lilizimika saa 10 tu, nusu saa kabla sijaamka, hamjui.

MpishiPaje
Kama lingezimika saa 10 ungekuta la moto la kuunguza, bakuli zito la udongo lile linashika moto muda mrefu. Na nyama isingekuwa kijivu na ngano ngumu. Ngano zako ndizo zinazokwambia lilizimika mapema. Samli umeshaitia?

MkamwanaWete
Bado, iko kwenye kopo.

MpishiPaje
Basi hujapoteza samli. Saa hizi bado saa 4. Ngano hutoziwahi, pika bokoboko la mchele na kuku. Kuku wa kisasa wawili, watie kwenye presha na tangawizi, thomu, mdalasini na chumvi, dakika 25. Toa mifupa yote, chambua. Mchele wenye kushikana, nusu kilo, uloweke nusu saa, upike ndani ya supu ileile mpaka uvurugike kabisa, ukikauka ongeza supu. Rudisha kuku, shika mwiko, piga mpaka mkono uume. Saa moja na nusu umemaliza. Siku nyingine ukilitumia jungu, anza moto mkubwa saa ya kwanza, ndipo ushushe. Na maharage mekundu usiyatie mabichi humo hata siku moja, yachemshe kwanza dakika 10 kwenye sufuria, moto wa jungu hautoshi kuondoa sumu yake.

BiTatu
La mchele ni zuri, na wazee wasio na meno wanalipenda. Mavyaa wako ana meno?

MkamwanaWete
Anayo yote, na ulimi pia. Mume wangu nimemtuma kuku, kaondoka na baiskeli bila neno, anajua kosa la nani. Mchele nimeroweka. La ng'ombe bado liko mezani, sijalimwaga.

NesiWaZamani
Limwage kabla hajarudi, asije akasema na yeye aonje. Wala usiwape kuku wala paka. Fukia.

Ustadh_Mkoani
Na mavyaa utamwambia nini?

MkamwanaWete
Nitamwambia bokoboko la mchele, ndivyo lilivyo. Naingia jikoni, msinitafute.

KijanaDarajani
Kabla hujaingia, hilo jungu ni la lita ngapi? Kama mume atalipiga marufuku, mie nnalichukua, nalifuata mwenyewe kwa boti.