Pikapu ya umeme inaweza kweli kuchukua nafasi ya ile ya petroli? Mliozitumia Marekani na Kanada, tupeane uzoefu

Mkata Nyasi (Columbus, Ohio)

Wakuu, poleni na majukumu.

Gari langu linaniaga. Ni pikapu ya petroli ya 2012, imeshatembea maili 214,000, na wiki hii giaboksi imeanza kuteleza: nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari halina habari. Fundi kanitajia bei nikacheka, maana kilichobaki kilikuwa kulia. Na ndiyo inayonilisha. Aprili hadi Oktoba inavuta katela kangu kenye mashine mbili za kukata nyasi, wikiendi tunahamisha watu makochi na vitanda.

Sasa yadi ya magari hapa jirani wana pikapu ya umeme ya Ford, F-150 Lightning ya 2022 iliyotumika, ile ya betri ndogo, bei yake sawa na ya petroli ya umri huohuo. Mwaka ule zinatoka watu walikuwa wanapanga foleni. Leo Ford wenyewe, Desemba 2025, wametangaza kuachana na Lightning ya umeme mtupu. Itakayofuata itakuwa na jenereta ya petroli humohumo ndani ya kuchajia betri. Ram, kampuni nyingine ya pikapu, waliifuta ya kwao Septemba mwaka huo, na punguzo la kodi la dola 7,500 kwa anayenunua gari jipya la umeme nalo likafa tarehe 30 ya mwezi uleule. Mtu akiniambia hiyo ni dalili simbishii. Ila bei iliyoshuka nayo ni dalili, inategemea umesimama upande gani wa kaunta.

Sitaki ya video za mtandaoni, kule kila mtu anavuta boti kwenda ziwani na jua linazama. Nataka wewe uliyeitafutia ugali. Mama watoto ana swali moja tu: "Ikiisha chaji njiani, nani atatuletea umeme kwenye kidumu?"

Karibuni.

Bin Houston

Mkuu, ninayo hiyohiyo, betri ndogo, tangu 2023. Habari za mizigo wengine watakupa. Mimi nitakupa habari za friza.

Julai 2024 kimbunga Beryl kilipopita hapa, wateja zaidi ya milioni 2 tuliachwa gizani. Joto la hapa Julai ni kama Dar ya Februari, toa upepo wa bahari. Kwenye friza nilikuwa na nguru na mbuzi wa arobaini, tumeshaalika watu. Jirani yangu, mzee wa Kimeksiko, ana insulini kwenye friji.

Lile gari lina soketi nyuma, kwenye sehemu ya mzigo, za kawaida kama za ukutani. Nikatoa ekstensheni ile ndefu ya rangi ya chungwa, nikaipitisha dirisha la jikoni, nikaziba uwazi kwa taulo ili mbu wasiingie. Friji, friza, feni mbili, taa ya sebuleni, na simu za ukoo mzima. Ekstensheni ya pili ikaruka uzio kwenda kwa mzee. Kimbunga kilinikuta na asilimia 88. Umeme ulirudi siku ya tatu jioni, betri inasoma 49, na usiku mmoja watoto walilala garini na AC.

Mtaa mzima jenereta zinalia kama Kariakoo ya mgao wa umeme. Wenye jenereta nao mchana kutwa wanazunguka kutafuta petroli, na sheli nyingi hazikuwa na umeme wa kuvutia hayo mafuta kutoka ardhini. Hapo ndipo mke wangu, aliyeniita mshamba siku naileta, alipoanza kuiita "gari letu". Kabla ya hapo ilikuwa "gari lako".

Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba. Natembea maili 60, 70 kwa siku, narudi, nachomeka, nalala. Sijafika sheli mwaka wa pili huu, labda kununua karanga.

Tela Refu (Des Moines, Iowa)

Bandugu, mie naja kuharibu harusi.

Kazi yangu nanunua magari yaliyogongwa kwenye mnada, natengeneza, natuma Congo. Kwetu tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo ya huku yanaingia na usukani wake. Maana yake niko barabarani na tela la kubeba gari kila wiki. Nilinunua pikapu ya umeme, jina la kampuni naliacha. Nguvu? Wallahi ile kitu ina nguvu. Unakanyaga, tela linakufuata kama mtoto. Kupanda mlima haijui kama umebeba.

Shida ni mbali. Safari ya kwanza ya kweli: Des Moines kwenda Chicago, maili kama 330, nyuma nimebeba saluni moja. Asubuhi kioo cha dashibodi kiliandika maili 300. Nikaunganisha tela, kikajihesabu upya, 140. Nikaingia barabara kuu ya I-80 na upepo wa Novemba usoni, nikaona hata hizo 140 ni siasa.

Nikasimama Iowa City. Pale chaji zimepangwa kama maegesho ya supamaketi, unaingiza pua, basi. Ukiwa na tela umeziba njia ya watu wote. Kwa hiyo unatafuta kona, unalifungua tela, unaliacha, unakwenda kuchaji, unarudi kulifunga. Siku ile mkono wa jeki ya tela ulikuwa umeganda, naupigapiga na spana, vidole sivisikii tena. Mlinzi akaja na tochi: "Unatupa tela hapa?" Namweleza, hanielewi, anaangalia gari lililogongwa juu ya tela, ananiangalia mie na kofia yangu. Alisimama pale mpaka nikaondoka.

Davenport nikasimama tena ingawa nilikuwa bado na chaji, kwa sababu kituo cha mbele kilikuwa mbali kuliko moyo wangu. Illinois tena. Safari ya masaa matano na kidogo ikala masaa tisa, na mteja wangu alishalala. Niliivumilia miezi saba, nikauza kwa hasara ambayo mke wangu hajui mpaka leo. Sasa nina ya dizeli. Inanuka, inapiga kelele, inanifikisha.

Fundi Spana (Dallas)

Tela Refu, hukukosea wewe wala gari. Ni hesabu. Mimi nafungua magari kila siku, ngoja niiweke kwa lugha ya LUKU, yaani uniti za umeme (kWh).

Galoni moja ya petroli ina nishati ya uniti 33.7 hivi. Betri kubwa ya Lightning ni uniti 131. Gawanya: umebeba galoni nne, hazitimii. Ile ndogo ya uniti 98 haifiki tatu. Na kwa hizo nne Lightning kubwa ilipimwa maili 320! Gari la petroli la ukubwa ule likienda hivyo kwa galoni nne tungelipeleka makumbusho. Ni kwa sababu injini ya petroli sehemu kubwa ya mafuta inayageuza joto na kuyatupa, mota ya umeme haitupi.

Sasa funga tela refu. Upepo hauulizi unatumia nini, magari yote mawili yanaumia, ulaji unaweza kufika mara mbili. Lakini wa petroli ana tenki la galoni 26, mwingine kaagiza la 36, na akiishiwa anajaza kwa dakika tano akiwa na tela lake mgongoni. Wa umeme amekatwa nusu ya galoni nne. Chevrolet waliamua kujibu kwa kuweka betri ya zaidi ya uniti 200 kwenye Silverado ya umeme, na kweli inakwenda mbali, ila uzito wake sasa ni mwingine kabisa.

Gereji kwangu wenye hizi gari siwaoni. Hakuna oili ya kumwaga, hakuna plagi za injini, breki zinadumu kwa kuwa mota yenyewe ndiyo inayoshika gari ukiachia mguu. Wanakuja kwa matairi. Lightning ina uzito wa zaidi ya pauni 6,000 na mguu wa Mwafrika ukionja ule mchomoko haurudi nyuma. Mkata Nyasi, kwenye bajeti yako weka matairi.

Ghorofa ya Tatu (Minneapolis)

Mimi nitasema haraka. Usinunue kama unakaa keja za kupanga na hakuna pahali pa kuchomeka. Nilidanganyika na hesabu ya "stima ni bei rahisi". Ni rahisi ukiwa na nyumba. Maili 100 zinakula uniti kama 50. Nyumbani kwa senti 16 ni dola 8. Mimi nachaji vituo vya haraka kwa senti 55, hiyo ni dola 27 na nusu. Pikapu ya petroli ya maili 20 kwa galoni, mafuta yakiwa dola 3.20, ni dola 16. Yaani nimenunua gari mpya ndio nilipe zaidi na kungoja dakika 45 nikiangalia watu wakinunua donati. Nilimwomba mwenye nyumba aweke hata soketi moja kwa parking. Amesema atafikiria. Hiyo ilikuwa 2024.

Baridi Kali (Edmonton)

Hapa hata magari ya petroli yanachomekwa, wengi hamjui. Hasi 30 ikiingia, injini usipoiwekea hita yake ya umeme usiku, asubuhi unaongea nayo peke yako. Kwa hiyo maegesho mengi ya kazini yana soketi tangu zamani. Nilipoleta pikapu ya umeme wenzangu wakasema nimefika nyumbani.

Si kweli sana. Soketi zile ni za volti 120, ukichomeka masaa manane unapata maili chache tu za kurudia, na baridi ikiwa kali sehemu kubwa inaishia kuipasha betri yenyewe. Tena, hita ya petroli ni ya bure, lile joto analosema Fundi linatupwa ndilo linalokupasha miguu. Ya umeme inatoa joto kwenye betri. Januari nahesabu nimepoteza theluthi, siku mbaya zaidi ya hapo. Dawa niliyojifunza: washa joto kabla hujachomoa, ndani ya gereji, na ukiwa njiani washa kiti na usukani, acha kupasha hewa yote. Abiria watanung'unika, wape blanketi.

Siuzi lakini. Inawaka kila asubuhi. Ya mwanzo haikuwa inawaka kila asubuhi.

Dereva wa Mbugani (Arusha)

Samahani wakuu, niko nyumbani, nachungulia tu. Huku hizo Lightning tunaziona kwenye simu, pikapu yetu ni Hilux na kirikuu. Ila nimeendesha Land Cruiser ya utalii iliyotolewa injini ya dizeli ikawekwa betri na mota, kwa msimu mmoja.

Kwa mbugani ile ni saizi yake. Mwendo wa taratibu, siku nzima hamfikishi kilomita 120, jioni mnarudi kambini penye sola. Tembo wanapita karibu mpaka unasikia tumbo linavyonguruma, mgeni analia machozi, tip inakuwa nzuri. Lakini kuishusha kutoka mbugani hadi Arusha mjini kwa matengenezo tulikuwa tunapanga kama msiba: nani kapiga simu wapi, tutachaji kwa nani, tukilala tutalala wapi. Mara ya mwisho tuliibeba juu ya lori. La dizeli.

Mtu wa Maua

Nangoja siku ile pikapu ya miraa itakuwa ya umeme. Kutoka kwetu Meru hadi Nairobi ni karibu kilomita 300 na dereva hakanyagi breki. Mzigo ukichelewa ni majani. Toyota walionyesha Hilux ya umeme mwaka 2025, betri uniti 59, kilomita 240 hivi. Itatufikisha Thika tukiomba Mungu, na hapo ni kwa mwendo wa mchungaji, si wa miraa.

Bin Houston

😂😂 Mtu wa Maua, mkifunga jenereta ya petroli nyuma kama Ford wanavyotaka mtafika.

Tela Refu

Hiyo ya jenereta ikija nitaiangalia. Nitaiangalia tu, pesa nitaacha nyumbani.

Mkata Nyasi

Wakuu, nimerudi. Asanteni, nimesoma yote, na mama watoto nimemsomea ya friza mara mbili. Ya Tela Refu nilimsomea mara moja, kwa haraka.

Jumamosi niliikodi moja ya mtu, hiyohiyo ya betri ndogo, nikafunga tela langu na mashine zote mbili. Nyumba sita, kuanzia Westerville hadi Grove City na kurudi, jumla maili 46. Niliondoka na asilimia 95, nilirudi na 62. Mchana nilichaji betri za kikata ua kwenye soketi za nyuma huku nafanya kazi, kitu ambacho sikukitegemea. Jumapili tukahamisha familia moja, safari tatu ndani ya mji, kabati halikuenea nyuma, tukaacha mlango wa nyuma wazi na kamba kama kawaida. Kwenye buti ya mbele, pale injini ingekuwa, niliweka mablanketi na kamba zote, na sambusa za vijana, zikabaki kavu mvua iliponyesha.

Kwa hiyo kazi inaiweza. Safari ya kwenda kwa shemeji Atlanta itakuwa kwa basi au kwa gari la mama watoto, tumeshazungumza.

Kilichonikwamisha ni ukuta. Nyumba yetu ni ya zamani, fundi umeme amefungua boksi la swichi, akapiga mluzi. Amp 100 nyumba nzima, na jiko letu ni la umeme. Kasema ama tupandishe hadi 200, ama nichaji kwa laini ndogo usiku kucha na tusipike wala kukausha nguo wakati huo. Anarudi Jumatano na bei. Aliyewahi kubadilisha boksi la umeme hapa Ohio aniambie alilipa ngapi, nisije nikacheka tena.