Goma, Baku na dagaa wa Kigoma

Mama wa Chanja (Kibirizi): Wakuu, habari za jioni. Jana redio ilisoma mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kutekwa na waasi wa M23, wiki chache tu baada ya Goma, kisha Marekani kujitoa tena Mkataba wa Paris wa tabianchi. Zilisomwa kama habari mbili. Kwangu ni moja. Mteja wangu mkubwa ni mama wa Uvira, upande wa Kongo, na tangu Bukavu ianguke simu yake haipatikani. Magunia yake manne ya dagaa ninayo stoo. Kila asubuhi nayafungua yapate hewa, natia mkono mpaka chini kupima kama yameshika unyevu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Niliunga mkono, nikauza mihogo. Sasa naomba kujua: kufunga kunasaidia nini kama maji yanapashwa joto na moshi wa wengine?

Kijana wa Samaki: Mama, shikamoo. Kunasaidia, ila hakutoshi. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, na rutuba inayolisha dagaa iko chini. Upepo wa kusini wakati wa kiangazi ndio unaoipandisha. Maji ya juu yakizidi joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, dagaa wanakosa chakula. Hilo halizuiliwi na doria. Kokoro, wavu wa kukokota unaozoa samaki wachanga ufukweni, linazuilika, tena ni sisi tunaolivuta. Kule Baku, kwenye mkutano wa tabianchi wa Novemba 2024, mataifa tajiri yaliahidi nchi zinazoendelea dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Nchi zetu zilidai trilioni 1.3. Inaniuma sana.

Mzee wa Ujiji: Binti yangu, 1996 nilikuwa nashusha watu waliokimbia vita Kongo kwenye mitumbwi, kina mama wamebeba watoto na sufuria, basi. Wengi walipelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kuna waliozaliwa pale ambao leo nao ni wazazi. Simu kutopatikana si msiba. Waulize manahodha wa mitumbwi ya mizigo, wao hujua nani yuko wapi kabla ya redio.

Mama wa Chanja: Marahaba mwanangu. Na wewe mzee wangu, shikamoo, nimefanya hivyo leo. Nahodha mmoja kasema alimwona sokoni juzi, mzima, ila simu kauza apate nauli. Magunia siyauzi. Mbalamwezi inapungua, giza la kuvulia dagaa linakuja, mitumbwi inarudi majini wiki hii, nami nimeshafagia chanja.