Mjadala: Benki kuu ina haki ya kuuliza mikopo inakwenda wapi?

Ndugu zangu, imetolewa hoja hapa kwamba kazi ya benki kuu ni kulinda thamani ya fedha basi, na ikianza kuuliza nani anakopeshwa imejiingiza kwenye siasa. Naipinga, na ushahidi wangu ni Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Mwishoni mwa 1946 serikali iliamua kwamba mali kidogo iliyobaki nchini iende kwanza kwenye makaa ya mawe na chuma: makaa yawashe matanuri, chuma kirudi migodini, makaa yaongezeke. Mapema 1947 ikafunguliwa benki maalumu ya kugharamia ujenzi mpya. Hapa nawakubalia wapinzani wangu. Hati fungani zake nyingi, yaani hati za kukopea fedha, zilinunuliwa na Benki ya Japani yenyewe, ambayo ndiyo benki kuu, maana yake noti mpya, na mfumuko wa bei ukala mishahara ya watu. Mwaka 1949 Joseph Dodge, mkuu wa benki moja ya Detroit, aliletwa na Wamarekani, waliokuwa wakiikalia Japani baada ya vita, akaufunga mfereji huo wa fedha.

Ila tusiishie hapo. Benki za biashara zilikuwa na waombaji wengi kuliko amana, zikawa zinakopa Benki ya Japani, na mkopeshaji ana haki ya kuuliza. Gavana Ichimada Hisato, aliyekaa 1946 hadi 1954, aliuliza kwelikweli, hata akabandikwa jina la Papa, kama yule wa Roma. Baadaye ukakomaa utaratibu ulioitwa maelekezo ya dirishani: kila benki inaambiwa iongeze mikopo kwa kiasi gani. Haikuwa sheria, lakini benki gani ingethubutu kubisha? Uliendelea hadi 1991.

Najua mtanitajia Chiba, karibu na Tokyo. Mwaka 1950 kampuni ya chuma ya Kawasaki Steel ilitaka kujenga kiwanda kipya pale, Ichimada akapinga. Inasimuliwa alisema kiwanda kitakufa na pale pataota magugu. Tanuri la kwanza likawashwa 1953, na baadaye hata Benki ya Dunia ikawakopesha. Gavana alikosea, tena vibaya. Lakini kiwanda kilijengwa kwa sababu hakuwa na neno la mwisho. Ninachotetea ni hicho hicho: benki kuu iwe na sauti, isiwe peke yake, na isichapishe noti za kujaza pengo.

Anayeamini soko lingetosha anijibu hili: mwaka 1947, mchele wa magendo ulipolipa haraka kuliko mgodi wowote, nani angemkopesha mchimba makaa?