Mjadala: Ni teknolojia, au ni uhakika wa oda, unaozipeleka kampuni za ujenzi kiwandani?

Hoja iliyotawala mjadala huu hadi sasa ni kwamba kampuni ya ujenzi huhamia kwenye majengo ya kutengenezwa kiwandani, yaani paneli za zege, mabafu yaliyokamilika au vyumba vizima vinavyopakiwa kwenye malori na kupangwa kwa kreni, kwa sababu njia hiyo ni ya haraka, haiachi taka nyingi na huziba pengo la mafundi. Sifa hizo sizipingi. Ninachopinga ni kuzigeuza kuwa sababu, kwa kuwa zinajulikana tangu zamani: Crystal Palace ya London ilisimamishwa kwa vipande vya chuma na vioo vilivyotengenezwa kwingineko, ikafunguliwa mwaka 1851 kabla hata mwaka mmoja haujapita tangu kazi ianze. Kama kasi peke yake ingetosha kumvuta mkandarasi, tusingekuwa na la kujadili leo.

Kwa maoni yangu, kampuni huhamia kiwandani pale mnunuzi anapoihakikishia oda zisizokatika na kukubali kuilipa kwa utaratibu unaolingana na kazi ya kiwandani.

Tuangalie hesabu za mkandarasi. Anayejenga saiti huajiri vibarua kazi inapokuwapo, hukodi kreni na mashine nyingine kwa siku anazozihitaji, na mradi ukisimama gharama zake nyingi husimama pamoja nao. Mwenye kiwanda hana nafuu hiyo, maana jengo, mitambo na wafanyakazi wa kudumu vinakula fedha hata siku ambayo hakuna chumba hata kimoja kilichotoka mlangoni. Isitoshe, malipo ya ujenzi kwa kawaida hutolewa kadiri mkaguzi anavyoiona kazi ikipanda saitini, ilhali huyu ametumia fedha nyingi kabla msingi haujakauka, na vyumba alivyokwisha kuvimaliza bado vimo ghalani, mahali ambapo benki na mteja husita kuvihesabu kuwa mali. Michoro nayo inapaswa kufungwa mapema sana. Bomba la bafu likifika likiwa limepishana na tundu la sakafu kwa upana wa kidole kimoja, hakuna fundi wa kulisogeza kwa nyundo na patasi kama tulivyozoea. Kosa la mchoro mmoja huwa limekwisha kurudiwa katika kila bafu lililotoka kwenye kalibu ileile.

Mchangiaji aliyetangulia amesema uhaba wa mafundi utazilazimisha kampuni zihame, zipende zisipende. Uingereza inakanusha dai hilo. Ripoti ya mwaka 2016 ya Mark Farmer, mshauri wa sekta ya ujenzi, ilionya waziwazi kwamba nguvukazi ya ujenzi nchini humo inazeeka na kupungua, na ikahimiza kazi ihamie viwandani. Uhaba ulikuwapo, teknolojia ilikuwapo, na mitaji ikatolewa; hata hivyo, mwaka 2023 Legal & General, kampuni ya bima na uwekezaji, ilitangaza kusimamisha uzalishaji katika kiwanda chake cha nyumba, na Ilke Homes, iliyotengeneza nyumba kiwandani, ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Marekani nako, Katerra, kampuni ya ujenzi wa kiwandani iliyoanzishwa mwaka 2015 na kupata mitaji mikubwa mno, ilianguka mwaka 2021. Sidai kwamba sababu ya zote hizo ilikuwa moja, lakini zinaonyesha kuwa uhaba wa mafundi haujazi kiwanda oda.

Linganisha na Singapore, ambako tangu mwaka 2014 serikali imeweka matumizi ya vyumba vya kiwandani kuwa sharti katika baadhi ya viwanja inavyoviuza. Hapo kampuni haikuachiwa ikisie kama soko litakuja. Soko lilitangazwa kabla ya tofali la kwanza.

Hata hivyo, hoja yangu ina upande wa hatari, na haki inanitaka niuseme. Mnunuzi mwenye nguvu anaweza kuisukuma kampuni kwenye njia mbaya vilevile. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1956 iliongeza ruzuku kadiri jengo la makazi lilivyozidi ghorofa, na mfumo wa paneli kubwa za zege ukaenea kwa kasi katika miaka iliyofuata. Tarehe 16 Mei 1968, gesi ililipuka katika ghorofa ya 18 ya Ronan Point, jengo la ghorofa 22 jijini London lililokuwa limeanza kukaliwa miezi michache tu kabla ya hapo. Ukuta ulisukumwa nje, pembe nzima ya jengo ikaporomoka, na watu 4 wakafariki. Jengo lilipobomolewa kwa uangalifu mwaka 1986, baadhi ya viungo vya paneli vilikutwa vimesokomezwa magazeti mahali palipopaswa kuwa na saruji. Paneli zilitoka kiwandani, ila kiungo kilifungwa saitini, na mtu mwenye haraka.

Kwa hiyo, wanaotaka serikali zitoe ruzuku ya mitambo nawaomba waibadilishe hoja yao. Serikali itangaze oda zake za shule, hospitali na nyumba kwa miaka kadhaa mbele, ikubali kulipia kazi iliyokaguliwa ikiwa bado kiwandani, na izuie sehemu ya malipo mpaka mkaguzi wake mwenyewe awe ameona kila kiungo kabla hakijafunikwa.